Mjane wa Mwinyimvua Ana Kwao

Tangazo lilibandikwa mlangoni siku ya ishirini na mbili ya eda, na Mwanamkasi alilisikia likibandikwa. Alisikia brashi ya gundi ikipita juu ya mbao, akasikia vijana wa ofisi ya serikali wakibishana kama karatasi imekaa sawa au imekwenda upande, kisha nyayo zikaondoka. Hakufungua. Mjane aliye edani hawafungulii wanaume asiowajua, hata kama wamekuja kumvunjia nyumba. Akaendelea kukaa juu ya mkeka wake, kajifunga nguo nyeupe, hana mafuta kichwani wala udi mwilini, akimlilia mumewe kwa utaratibu aliofundishwa.

Jirani yake Ashatu ndiye aliyemsomea. Ashatu alifika darasa la nne, na hakumpa mtu nafasi ya kulisahau jambo hilo, kwa hiyo alisoma polepole kwa sauti ya hotuba, akiyarudia maneno makubwa. Kila nyumba ya makuti katika mtaa wa Dunda, mjini Bagamoyo, kuanzia sokoni hadi ufukoni, iezekwe bati ndani ya miezi mitatu. Isiyoezekwa itabomolewa, kwa sababu ya hatari ya moto na panya. Mtu ambaye nyumba yake itabomolewa, na ambaye hana jamaa wa kumpokea, atapewa kiwanja bure huko kwenye mikorosho, njia ya Zinga, na huko ana ruhusa ya kuezeka makuti. Mwenye kutaka kiwanja aje barazani, yeye au mwanamume wa kumsemea, itamkwe mbele ya watu kwamba hana jamaa.

"Miezi mitatu," alisema Mwanamkasi. "Na eda yangu mimi miezi minne na siku kumi."

"Ishirini na mbili zimeshakwenda, dada."

"Hata ukizitoa, Ashatu. Hata ukizitoa watanikuta humu ndani."

Bati lilikuwa ndoto. Marehemu Mwinyimvua alikuwa fundi wa kuezeka, na kwa miaka thelathini alipanda juu ya mapaa ya watu na makuti aliyoyashona mkewe. Homa ya mapafu ilipomchukua aliacha nyumba ya vyumba viwili, kamba za kufungia na heshima kubwa mtaani. Watoto watatu walizaliwa katika nyumba hiyo, na wote watatu walikuwa wamelala makaburini kabla ya baba yao. Mwanamkasi alibaki na kuta za udongo na paa lile, na sasa paa lenyewe ndilo lililokuwa kosa.

Waliotunga sharti la viwanja walikuwa watu wenye huruma, tusiwanyime haki yao. Viwanja vilikuwa kumi na viwili tu, kwa hiyo walijiuliza nani hasa hana pa kwenda. Wakakaa mezani, wakafikiri, wakaona kwamba asiye na pa kwenda ni yule asiye na jamaa, maana Mwafrika akivunjiwa nyumba huenda kwa ndugu yake, na ndugu humpokea, na serikali huokoa gharama. Ilikuwa hesabu safi. Hawakumwuliza mtu yeyote wa Bagamoyo mtu asiye na jamaa anahesabiwa nani katika mji ule.

Wangeuliza, mtoto yeyote wa chuoni angewajibu. Asiye na jamaa ni mtumwa. Katika mji ambao nusu ya watu wake babu zao waliletwa kwa minyororo, mtumwa hakujulikana kwa rangi wala kwa nguo. Alijulikana kwa kuwa hana mjomba wa kumwoza, hana shangazi wa kumfunda, akifa hana wa kusema huyu ni wetu. Biashara ile ilikwisha zamani, lakini watu hawakusahau. Walinyamaza tu, na kunyamaza huko ndiko walikokuita adabu.

Bibi yake Mwanamkasi aliletwa mtoto mdogo hata jina la kijiji chao hakulijua. Mwinyimvua alikuwa wa ukoo wa mji wa kale, watu wenye shajara ya nasaba, majina yao yote yameandikwa kwa wino. Alipotaka kumwoa Mwanamkasi, mama yake Mwinyimvua, Bi Sihaba, alilia siku tatu na kususa chakula. Siku ya nne akala, akamkubali mkamwana, na tangu hapo akampenda kama aliyemzaa. Kwa miaka thelathini hakuna aliyemtajia Mwanamkasi asili yake. Aliitwa mke wa Mwinyimvua, na jina hilo alilivaa kama nguo pekee aliyokuwa nayo.

Msabaha, mdogo wa marehemu, ndiye mwanamume aliyebaki katika familia hiyo. Alikuwa fundi cherehani, mtu mwembamba mwenye sauti nzuri ya kusoma maulidi, na mpole. Siku ya baraza alipita kwa Mwanamkasi, akasimama nje ya mlango kama ilivyopasa.

"Shemeji, nakwenda kukusemea."

"Niombee kiwanja, shemeji," alisema Mwanamkasi kutoka ndani. "Kidogo tu. Makuti nitashona mwenyewe."

"Niachie mimi."

Alirudi baada ya sala ya adhuhuri, na hata kabla hajabisha hodi Mwanamkasi alimsikia akicheka peke yake kwa furaha.

"Wamesimama wawili tu! Mikidadi yule mpagazi wa forodhani, na kizee mmoja hata haijulikani alikotoka. Watu wamecheka mpaka karani kapiga meza. Kisha akaita, nyumba ya marehemu Mwinyimvua. Nikasimama, shemeji. Nikamwambia, karani, andika vizuri: mjane wa Mwinyimvua ana kwao. Ukoo wetu haujapata kutoa mtu asiye na jamaa, na hautaanza leo. Basi baraza lote kimya! Mzee Bwanausi mwenyewe kanishika mkono."

Mwanamkasi alikuwa upande wa pili wa mlango, paji la uso kaliegemeza kwenye mbao. Alitaka kumuuliza: na kiwanja? Alitaka kumpigia kelele kwamba ameuza mahali pake pa kulala kwa kushikwa mkono na Mzee Bwanausi, mkubwa wa mtaa. Lakini alichosema kilikuwa, "Ahsante, shemeji. Mungu akulipe." Na aibu yake kubwa, ambayo hakumwambia hata Ashatu, ni kwamba kwa muda mfupi alifurahi. Mbele ya mji mzima mtu alikuwa amesimama akasema huyu ni wetu.

Miezi mitatu ilipotimia vijana wa ofisi walikuja na mashoka, wakaambiwa ndani mna mjane na eda haijakwisha. Ofisi iliheshimu dini. Walikwenda zao, wakangoja wiki mbili na siku zake bila kulalamika. Mwanamkasi akaoga maji ya kutoka edani, wanawake wakamfukizia udi na kumvika kanga mpya, akatoka nje kuliona jua. Asubuhi yake wakabomoa. Ilichukua muda wa kuchemsha birika la chai, maana Mwinyimvua aliezeka kwa kamba nzuri na paa zima lilishuka kwa pamoja.

Nyumba ya Msabaha ilikuwa na bati, vyumba viwili na watu wanane. Chumba kimoja Msabaha na mkewe Zuleha na mchanga wao, kingine Bi Sihaba na wajukuu wanne. Mwanamkasi akapewa ukumbi. Ukumbi ule ndio njia ya kwendea uani, kwa hiyo alitandika mkeka baada ya mtu wa mwisho kwenda kulala na kuukunja kabla ya mtu wa kwanza kuamka kutia udhu. Mvua ilipoanza, vitambaa vya wateja vikaletwa ndani kutoka barazani alikoshonea Msabaha, naye Mwanamkasi akahamia jikoni uani, kati ya mafiga na kuta za masizi. Kisha ikaonekana ingekuwa vyema akapumzike siku chache Mlingotini kwa Alawi, binamu wa marehemu. Mlingotini walimpokea kwa samaki na bashasha, na baada ya siku kumi mke wa Alawi akaanza kusifu hewa ya Zinga. Zinga alikuwako mpwa wa Bi Sihaba, naye akamkaribisha sana, akamuuliza siku ya kwanza anarudi lini.

Hakuna aliyemfukuza. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwa sababu angefukuzwa angepata wa kumlaumu. Kila mlango alikaribishwa, na kila mlango alijifunza kula kidogo, kuosha vyombo kabla havijachafuka sawasawa, na kucheka mzaha usiochekesha. Mwanamke wa miaka hamsini na mitatu alikuwa anaomba ruhusa ya kukohoa.

Aliporudi Dunda alikwenda ofisini peke yake. Karani Mohamedi, kijana wa Pangani, aliinuka kumpa kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza habari za viwanja. Vimekwisha?"

Karani alionekana kuona haya. "Vimechukuliwa viwili, mama. Kumi vipo."

"Kumi vipo?"

"Vina nyasi tu. Lakini kitabu changu kinasema wewe una kwenu. Imetamkwa barazani, sina uwezo wa kuifuta."

"Na nikisema jamaa ninao, ila nafasi hawana?"

Mohamedi alifunua karatasi, akaitazama juu na chini kama mtu anayetafuta kweli, na kweli alikuwa anatafuta. "Haina mahali pa kuandika hilo, mama. Ana jamaa, au hana jamaa. Nilishawaandikia wakubwa kuwaeleza, wakanijibu fomu imepigwa chapa tayari." Akashusha sauti. "Alhamisi anakuja mzungu wa viwanja kutoka Dar es Salaam, atapita nyumba zilizopokea watu. Akikuuliza, mwambie kwa kinywa chako: sina jamaa. Basi, maneno mawili. Nitaandika mbele yake, na siku hiyo hiyo nitakwenda nawe kukuonyesha mipaka."

Mwanamkasi alirudi akiyatamka maneno mawili yale njiani, mdomo ukicheza bila sauti, mpaka muuza maji akamsalimia akidhani anasoma uradi. Alikwisha kukichagua kiwanja chake. Kingekuwa na nyumba yenye mlango unaofungika kutoka ndani. Angelala mpaka jua limchome miguu, na akitaka kukohoa angekohoa.

Habari za mzungu zilimfikia Msabaha pia, na mtu yule mpole akapatwa na wazimu. Alipaka chokaa ukuta wa mbele, akawapeleka wateja na vitambaa vyao nyumba ya pili. Jumatano akaenda kwa Mzee Bwanausi na kurudi na vijana wanne wamebeba samadari, kitanda cha fahari chenye nguzo na kioo kichwani, pamoja na chandarua na shuka lililotariziwa. Wakakiingiza katika chumba cha Bi Sihaba, wajukuu wakasukumiwa nje.

"Hiki ndicho kitanda chako, shemeji," alisema Msabaha, kwa sauti ya mtu anayetamani sana iwe kweli. Mwanamkasi alimhurumia, akamchukia, akamhurumia tena.

Alhamisi asubuhi Zuleha alimkuta jikoni anapepeta mchele usio na hata chuya moja. Walikuwa hawajapata kusema ya moyoni, hao wawili. Zuleha akafunga mlango wa uani.

"Dada, karani kamwambia mama yangu mzazi, naye kaniambia. Nimejua unataka kusema nini leo."

Mwanamkasi akaendelea kupepeta.

"Sema," Zuleha alisema. "Usimtazame mume wangu, usinitazame mimi. Nitaona aibu siku mbili, tatu, nitapona. Mimi nimechoka, na wewe umechoka. Ukiwa na kwako nitakuja kukutembelea na halua, tutapendana. Lakini hapa tutakuja kuchukiana, dada, na kosa si lako."

Lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyoambiwa tangu afiwe. Mwanamkasi alimshika mkono, akamwahidi.

Mzungu alikuwa kijana, pua imebanduka ngozi kwa jua, kofia kaishika mkononi kwa adabu. Kiswahili alikisoma vitabuni akakisema vizuri. Nyuma yake alikuwa karani Mohamedi na fomu zake, na nyuma ya Mohamedi ukasimama mtaa: Mzee Bwanausi na bakora yake, wazee wa msikitini, Ashatu, wanawake wawili watatu waliojidai wamekuja kuazima chumvi. Chumba kikajaa. Mwanamkasi alisimama kando ya kitanda. Bi Sihaba alikaa juu yake, mwanamke wa zaidi ya miaka themanini, macho yameingia ukungu, akipapasa shuka kwa mshangao, maana naye hakuwa ameambiwa lilikotoka.

"Mama," mzungu alisema, "pole kwa msiba. Nimekuja kujua jambo moja tu. Una jamaa?"

Kabla hajajibu, Bi Sihaba alinyoosha mkono, akautafuta mkono wa Mwanamkasi hewani mpaka akaupata.

"Huyu ni mwanangu," alimwambia mzungu, ingawa hakuulizwa.

Karani Mohamedi alimtazama Mwanamkasi, kalamu tayari. Zuleha, sinia la kahawa mikononi, alimtazama pia, midomo yake ikijongea kidogo: sema. Msabaha hakumtazama. Alikuwa anatazama chini, na Mwanamkasi aliona wazi kwamba hatabishana. Akisema, itaandikwa. Maneno mawili tu, na jioni ataonyeshwa mipaka.

Akafungua kinywa. Na mbele ya mzungu yule mwema, mbele ya Mzee Bwanausi na wanawake wa chumvi, maneno yale aliyoyatamka njia nzima hayakuwa tena maneno ya kupatia kiwanja. Alimwona bibi yake, ambaye alizikwa na watu wanne wa kukodi. Aliona nyuso zile mlangoni zikitazamana, kwa adabu kabisa, na kusema bila kusema: hatimaye kakiri. Kesho angekuwa na mlango unaofungika kutoka ndani, na sokoni angekuwa tena mjukuu wa yule mtumwa. Mkono wa Bi Sihaba ulikuwa na joto ndani ya mkono wake.

"Ninao," alisema Mwanamkasi.

"Na unalala wapi?"

"Hapa, bwana. Kitanda hiki." Hakuna aliyemlazimisha kuongeza, lakini aliinama akalinyoosha shuka la watu palipokunjamana, kama afanyavyo mwenye kitanda.

Mzungu alitabasamu kwa moyo mkunjufu. Alisema kwa Kiingereza jambo refu, na Mohamedi akaandika, kichwa kakiinamisha mno juu ya karatasi. Msabaha alilia machozi hadharani bila kuyafuta. Kahawa ilikuwa haijapoa vijana wa Mzee Bwanausi walipoingia kukichukua kitanda, kwani siku ile ile mkwe wao alikuwa anafika na wanakihitaji. Walimwomba Bi Sihaba asimame. Akauliza kitanda cha mwanawe kinakwenda wapi, nao wakakipitisha mlangoni.

Zuleha alikuwa uani anaosha vikombe. Hakugeuka.

"Basi, dada," alisema. "Tukufanyie nini tena?"

Mwanamkasi aliingia ndani akakusanya nguo zake. Alifunga furushi lake akashika njia ya Mlingotini mapema, kabla watu wa nyumba ile hawajakaa kula, ili asihesabike kwenye sahani.

Baada ya mfungo likaitwa baraza jingine. Mwanamkasi alilikuta njiani, anatoka Mlingotini, akasimama nyuma pamoja na wanawake. Bwana mmoja mkubwa wa makamo alisimama na karatasi, karani akitafsiri. Alisema kazi ya kuondoa makuti mjini imekamilika, na hakuna moto uliotokea. Alisema kuna miji mikubwa duniani, hata kwao Ulaya, ambako watu hulala barabarani, lakini uchunguzi uliofanywa nyumba kwa nyumba umeonyesha kwamba Bagamoyo ina watu wawili tu wasio na kwao, nao wameshapewa viwanja. Viwanja kumi vilivyokosa wenyewe vitarudishwa serikalini. Serikali inaupongeza mji kwa jinsi unavyotunza watu wake, na utatajwa kuwa mfano kwa miji mingine ya pwani.

Mohamedi alitafsiri neno la mwisho kwa sauti ndogo sana, ikabidi arudie. Wazee wakasema alhamdulillahi. Msabaha, mbele kabisa, alishikwa mkono na waliomzunguka. Wanawake wakapiga vigelegele, maana ilikuwa sifa kubwa na haiji kila mwaka. Mwanamkasi aliweka furushi lake chini, nyuma ya miguu yake, kwa kuwa alikuwa bado hajaamua jioni ile abishe hodi kwa nani na hakutaka lionekane, akapiga kigelegele pamoja nao.